Maneno ya Jibu: Kumfundisha Mwanafunzi Kutafuta kwenye Intaneti

Kutafuta habari kwenye intaneti ni kazi ya kichwa kwanza, ya kidole baadaye. Shuleni kazi hii huachwa bila kufundishwa mara nyingi mno. Mwalimu hutoa swali, huongeza "kaangalieni mtandaoni", na hudhani kwamba kijana anayejua kupakua wimbo na kurusha picha kwenye WhatsApp anajua pia kutafuta. Kumbe wepesi wa vidole na ujuzi wa kuuliza ni vitu viwili. Kijana huyo huandika swali la mwalimu neno kwa neno, hufungua ukurasa wa kwanza unaojitokeza, hunakili aya mbili, na kazi huhesabiwa imekwisha. Hapo ameokota, hajatafuta.

Mwanafunzi anahitaji kwanza kujua kinachotokea anapobonyeza. Mtambo wa kutafuta, kama vile Google au Bing, hauanzi kuzunguka dunia wakati huo. Programu zake hupita kwenye kurasa usiku na mchana, zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na kuweka kumbukumbu ya neno gani liko ukurasa gani. Kumbukumbu hiyo ni faharasa, ndugu wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu cha jiografia. Ndiyo maana shule isiyo na kompyuta hata moja inaweza kuanza somo hili leo. Mwalimu anawapa wanafunzi kitabu chenye faharasa na kuwataka watafute habari za mvua za vuli. Asiyezikuta chini ya "mvua" atajaribu "vuli", kisha "misimu", kisha "tabianchi". Mtoto anayehama kutoka neno moja kwenda jingine namna hiyo, akiwaza mwandishi wa kitabu angeliita jambo hili nini, amekwisha kushika sehemu ngumu ya somo.

Faharasa hizo zina historia fupi. Archie, mtambo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa kutafuta kwenye intaneti, ulitengenezwa mwaka 1990 na Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, nchini Kanada. Uliorodhesha majina ya mafaili tu. Haukujua ndani yake mna nini. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin walianzisha Google kwa wazo lililotokana na utafiti wao katika Chuo Kikuu cha Stanford: ukurasa unaoelekezewa viungo vingi kutoka kurasa zenye uzito upewe nafasi ya juu. Tangu hapo vigezo vimeongezeka, pamoja na lugha ya mtafutaji, mahali alipo na upya wa habari. Jambo moja halijabadilika, na mwanafunzi aelezwe waziwazi. Ukurasa ulio juu ya orodha ni ule uliokubaliana zaidi na vigezo vya mtambo. Hakuna mtu aliyeketi akapima ukweli wake.

Ujuzi mkubwa kuliko wote katika somo hili ni kutafuta maneno ya jibu badala ya maneno ya swali. Ukurasa wenye jibu uliandikwa na mtu aliyekuwa akieleza jambo. Anayetaka kujua kwa nini wagonjwa wa kisukari hupata vidonda vya miguu atafika upesi zaidi kwa maneno kama "ganzi", "neva" na "mzunguko wa damu", kwa sababu hayo ndiyo maneno ya mganga anayeeleza. Ni kweli kwamba mitambo ya leo inaelewa swali zima kuliko ile ya zamani. Hata hivyo, inaelewa zaidi pale penye maandishi mengi ya kujifunzia, na maandishi ya Kiswahili mtandaoni ni machache sana yakilinganishwa na ya Kiingereza. Kwa hiyo anayetafuta kwa Kiswahili analazimika kuchagua maneno kwa uangalifu zaidi.

Mfano mzuri unatoka katika somo la historia. Darasa limepewa swali juu ya upinzani dhidi ya utawala wa Wajerumani: vita vya Majimaji viliua watu wangapi, na kwa nini wengi hivyo? Mwanafunzi anaandika neno moja tu, "majimaji". Katika orodha inayorudi, vita vinaweza kuchanganyika na klabu ya mpira ya Majimaji ya Songea na Uwanja wa Majimaji wa mji huohuo. Mtambo haujakosea. Neno ni moja, mambo ni mengi. Akiongeza neno "vita", mpira unaanza kurudi nyuma. Akiongeza "1905", mwaka vita vilipoanza, mpira unakaribia kutoweka kabisa. Akisoma haraka kurasa mbili tatu atakutana na neno ambalo halimo kabisa katika swali la mwalimu: njaa. Wengi wa waliokufa hawakufa kwa risasi. Walikufa baada ya majeshi ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Sasa anarudi na kutafuta upya, "vita vya Majimaji njaa vifo", na orodha inakuwa nyingine.

Hatua hiyo ndiyo inayosahaulika zaidi darasani. Utafutaji wa kwanza ni wa kuvuna maneno. Jibu linakuja kwenye wa pili au wa tatu. Mwanafunzi asipoambiwa hivyo, akikosa mara ya kwanza husema "haipo mtandaoni" na kufunga simu.

Swali hilohilo lina mtego mwingine, wa tahajia. Kiongozi wa mwanzo wa vuguvugu lile, mganga wa Ngarambe aliyewagawia watu maji ya dawa na kunyongwa na Wajerumani Agosti 1905, huandikwa na wanahistoria Kinjikitile Ngwale. Tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969 inaitwa Kinjeketile. Herufi mbili tu zimebadilika, i kuwa e, na zinatosha kumpeleka mwanafunzi wa historia kwenye uchambuzi wa fasihi, akanukuu maneno ya mhusika wa jukwaani kana kwamba yalisemwa na mtu halisi. Vita vyenyewe huandikwa "Majimaji" kwa neno moja na "Maji Maji" kwa mawili, hasa katika vitabu vya Kiingereza. Inafaa kujaribu namna zote mbili.

Na jibu lenyewe? Mwanafunzi atakuta kurasa zinazotaja vifo 75,000 na nyingine zinazotaja kati ya 250,000 na 300,000. Wengi hapo huchagua tarakimu iliyo kwenye ukurasa wa kwanza. Aliyefundishwa huuliza kila tarakimu ilitoka kwa nani. Akifuatilia ataona kwamba ile ya chini ni makadirio ya Wajerumani wenyewe, na ile ya juu inatoka kwa wanahistoria waliokuja baadaye, akiwemo Gilbert Gwassa, Mtanzania ambaye mwaka 1968 alichapisha pamoja na John Iliffe kumbukumbu za vita hivyo. Jibu bora la darasani basi linataja tarakimu zote mbili na mwenye kila moja. Mwanafunzi huyo amejifunza historia na utafutaji katika kipindi kimoja, na hakuna sababu ya kuvitenganisha. Somo la kompyuta la dakika 40 kwa wiki haliwezi kubeba mzigo huu peke yake. Mwalimu wa historia, wa kilimo na wa baiolojia ndio wanaojua maneno ya fani zao.

Kiswahili chenyewe humdai mtafutaji jambo ambalo maelekezo mengi, kwa kuwa yaliandikwa kwa Kiingereza, hayalitaji. Maneno yake hubadilika mwanzoni. Mkulima anakuwa wakulima, ugonjwa unakuwa magonjwa, jino linakuwa meno. Kitenzi ndicho kinachobadilika zaidi: kupanda, hupandwa, walipanda, upandaji. Mwanafunzi aliyekosa kwa "ugonjwa wa kuku" ajaribu "magonjwa ya kuku". Aliyekosa kwa "kupanda alizeti" ajaribu "kilimo cha alizeti". Kisha kuna tofauti za nchi. Ukurasa wa Kenya utasema shule ya upili, matatu na kaunti. Wa Tanzania utasema shule ya sekondari, daladala na mkoa. Kompyuta upande mmoja inaweza kuwa tarakilishi upande mwingine. Anayeandika insha juu ya usafiri wa mijini kwa neno "daladala" peke yake ameifunga Nairobi nje bila kujua.

Maneno ya fani ni mlango mwingine. Mwanafunzi wa kilimo ameona shambani kwa bibi yake majani ya muhogo yamejikunja na yana mabaka ya njano. Hajui ugonjwa unaitwaje, basi anaanza na alichokiona: "majani ya muhogo mabaka njano kujikunja". Kurasa za mwanzo zinampa neno "batobato". Hilo ndilo neno la wataalamu wa kilimo, na akiliandika peke yake anafikia vipeperushi na miongozo ambayo maelezo yake ya mwanzo yasingemfikisha. Humo atakuta pia nzi weupe wanaosambaza virusi, na pingili zenye ugonjwa zinazohamishwa kutoka shamba hadi shamba. Atakuta vilevile ugonjwa wa pili wa muhogo, michirizi ya kahawia, na hapo ajifunze kutazama nyuma. Ugonjwa huo ulielezwa na watafiti kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1930, kutoka maeneo ya Usambara. Maandiko ya wakati ule hayasemi Tanzania, yanasema Tanganyika. Anayetafuta mambo ya kale sharti atumie majina ya kale: Tanganyika, Zaire, Usumbura kwa Bujumbura. Jina la ugonjwa kwa Kiingereza nalo linafaa kuandikwa daftarini, kwa kuwa mwanafunzi wa sekondari atalihitaji kufikia tafiti ambazo hazijatafsiriwa.

Zipo pia alama chache zinazoongeza makali ya utafutaji, na zinafundishika kwa nusu saa. Alama za kunukuu zikifunga maneno, mtambo hutafuta maneno hayo yakiwa pamoja na kwa mpangilio uleule. Ni nzuri kwa majina ya watu na kwa kukagua kama aya fulani imenakiliwa. Alama ya kutoa, ikigusana na neno linalofuata, huondoa kurasa zenye neno hilo: "majimaji", nafasi, kisha alama ya kutoa na "mpira". Neno "site" likifuatwa na nukta mbili na anwani, bila nafasi katikati, huufunga utafutaji ndani ya tovuti au kundi la tovuti: "site:go.tz" huleta kurasa za taasisi za serikali ya Tanzania, "site:go.ke" za Kenya. Neno "filetype" na nukta mbili, kisha "pdf", huleta nyaraka kamili kama ripoti, mitaala na miongozo. Mwanafunzi anayetaka idadi ya watu wa mkoa wake akiandika "sensa 2022 site:nbs.go.tz" anakuwa ameingia moja kwa moja katika Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Alama hizi zisigeuzwe kuwa orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Kila moja ifundishwe siku inapohitajika, kwa swali linaloidai.

Orodha ikishatokea, kuna kazi ya macho kabla ya kubofya. Kurasa za juu kabisa zinaweza kuwa matangazo ya kulipiwa, nayo huwa na alama ndogo inayosema hivyo. Chini ya kila kichwa kuna anwani na mistari michache ya maelezo. Anwani yenye "go" au "ac" kabla ya herufi za nchi huashiria serikali au vyuo, ile ya "com" mtu yeyote anaweza kuinunua. Hata hivyo mwisho wa anwani ni dalili tu: ofisi ya takwimu ya Kenya, ambayo ni ya serikali, hutumia "or.ke". Tarehe nayo isomwe. Anayeuliza idadi ya Watanzania atakutana na milioni 44.9 na milioni 61.7, zote zikiwa sahihi, moja ya sensa ya 2012 na nyingine ya 2022. Mwanafunzi asome matokeo yote ya ukurasa wa kwanza kabla ya kufungua lolote. Kwa shule ambayo bando ni la kuhesabu, kila ukurasa usiofunguliwa ovyo ni pesa iliyobaki.

Baada ya kufungua ukurasa linakuja swali la kuuamini. Kwa miaka mingi wanafunzi walifundishwa kuukagua ukurasa wenyewe: una jina la mwandishi, una makosa ya lugha, unapendeza? Utafiti wa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford ulionyesha udhaifu wa njia hiyo. Waliwapa watu 45 tovuti za kutathmini: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa Stanford, na wahakiki habari 10 wa kazi hiyo. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki ndani ya tovuti, wakisoma kutoka juu hadi chini, na wakadanganywa na nembo nzuri na majina yanayosikika rasmi. Wahakiki habari walifanya kinyume. Walitupa jicho, wakatoka upesi, wakafungua madirisha mengine kuuliza watu wengine wanasema nini juu ya tovuti hiyo na nani anaigharamia. Walimaliza haraka zaidi na walipatia zaidi.

Kusoma kwa kutoka nje namna hii kunafanana na alivyofanya mzee yeyote alipoletewa mchumba asiyemjua: hakumhoji mchumba peke yake, alituma watu kijijini kwao. Mwanafunzi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa dakika mbili. Anachukua jina la tovuti au la shirika, analiandika kwenye mtambo pamoja na neno kama "wafadhili" au "ni nani", na anasoma yale yaliyoandikwa na wengine. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inafaa kwa hatua hii ya kwanza. Thamani yake kubwa iko chini ya makala, kwenye marejeo.

Haja ya tabia hii inaonekana katika kisa cha pweza wa mitini. Mwaka 1998 iliwekwa mtandaoni tovuti ya mzaha kuhusu pweza anayedaiwa kuishi kwenye miti ya misitu ya kaskazini-magharibi mwa Marekani, yenye picha na wito wa kumwokoa. Donald Leu wa Chuo Kikuu cha Connecticut na wenzake waliwaonyesha wanafunzi wa darasa la saba tovuti hiyo, na wengi mno waliiamini, ilhali walikuwa watoto waliozoea kutumia intaneti. Mtoto wa Pemba au Lamu aliyemwona pweza akichokolewa mwambani angecheka, kwa kuwa anamjua pweza. Lakini mtoto huyohuyo akiletewa dawa ya malaria inayouzwa kwa picha ya daktari mwenye koti jeupe hana mwamba wa kusimama. Kwa picha, afundishwe kuitafuta picha yenyewe: mitambo huruhusu kupakia picha na kuonyesha mahali pengine ilipotumika, na mara nyingi picha inayosambazwa kuwa ya mafuriko ya jana hukutwa ilishachapishwa miaka mingi nyuma, katika nchi nyingine.

Siku hizi juu ya orodha huwekwa jibu lililotungwa na akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde. Google ilianza kuliweka hivyo kwa watumiaji wa Marekani Mei 2024. Jibu hilo limenyooka, halina kusita, na hapo ndipo ugumu ulipo kwa anayejifunza. Programu za namna hii huweza kutaja kitabu ambacho hakikuandikwa au kuchanganya watu wawili wenye majina yanayokaribiana, au mtu halisi na mhusika wa tamthilia, kama Kinjikitile na Kinjeketile. Kinachofaa ni kuyatumia majibu hayo kama mavuno ya maneno, kisha kufungua vyanzo vilivyotajwa na kuthibitisha kwamba vipo na vinasema yanayodaiwa. Chanzo kisichofunguka kisiandikwe kwenye kazi.

Darasani, njia inayofanya kazi vizuri ni mwalimu kutafuta mbele ya wanafunzi huku akiwaza kwa sauti: "Nimeandika hivi, nimepata mpira. Nitaongeza mwaka." Akosee mbele yao na arekebishe mbele yao. Kisha simu moja itumiwe na wanafunzi wanne au watano, na kabla haijawashwa kila kundi liwe limeandika kwenye karatasi swali, maneno matano ya kuanzia, visawe vyake, na makisio ya nani angeweza kuwa ameandika jibu: wizara, chuo, gazeti, shirika. Mwenye simu hatafuti mpaka wengine wamwambie cha kuandika. Ubishi unaozuka juu ya neno lipi litangulie ndio somo lenyewe.

Katika kusahihisha, njia nayo ipewe alama. Daftari la mwanafunzi lionyeshe alichoandika kwenye mtambo mara ya kwanza, alichokipata, neno jipya alilovuna, alichoandika mara ya pili, kurasa alizozikataa na sababu ya kuzikataa, na anwani na tarehe ya ukurasa aliouchukua. Kazi ya Majimaji kwa mpango huu huweza kuwa na nusu ukurasa wa jibu na ukurasa mzima wa njia. Mwalimu akiusoma ataona mahali hasa kila mtoto alipokwama: huyu hakuwahi kubadilisha neno lake la kwanza, yule aliandika Kinjeketile mpaka mwisho, na wa tatu alikuta tarakimu mbili zinazopingana, akarudi kutafuta nani alizihesabu.